Kutoka Tring hadi Berkhamsted: Njia Tatu na Uzio Mmoja

Mhadhiri wetu wa historia alipotutaka tuandike juu ya njia moja tuliyoipita kwa miguu yetu wenyewe, wenzangu wengi hawakuhangaika. Mmoja aliandika juu ya njia ya mahujaji waendao Kibeho. Mwingine alichagua barabara ya kutoka Huye kwenda Nyanza, ambayo bibi yake aliipita akiwa amebeba maharage. Mimi niliona haya kidogo, kwa sababu njia niliyokuwa nimeichunguza kuliko nyingine zote haipo Rwanda. Ipo Uingereza, katika bonde dogo kaskazini-magharibi ya London, kati ya stesheni mbili za reli: Tring na Berkhamsted. Urefu wake ni kama kilomita 6 au 7 tu. Nimeipita mara tatu, na kila mara nilirudi na swali lilelile: njia hii ni ya nani?

Nilifika huko kwa sababu ya shangazi yangu. Yeye ni muuguzi na anaishi Hemel Hempstead, mji ulio stesheni chache kutoka hapo. Likizo moja alinikaribisha wiki sita. Hana gari, wala halitaki. Jumapili asipokuwa zamu huvaa viatu vya matope, hutia chupa ya chai begani na kupanda treni. Desturi yake ni rahisi: unashuka stesheni moja, unatembea mashambani au kandoni mwa mfereji mpaka stesheni inayofuata, kisha unarudi nyumbani kwa treni. Ukichoka, ukinyeshewa au ukipotea, reli iko karibu, huwezi kuwa mbali nayo kwa zaidi ya saa moja. Waingereza wengi hutembea hivyo, na kuna vitabu na ramani za matembezi ya namna hii. Shangazi alijifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa wake.

Kwangu hata stesheni yenyewe ilikuwa jambo la kutazama. Natoka katika nchi isiyo na reli ya abiria. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tabora kuelekea Kagera mwaka 1914, vita vikaja, kazi ikasimama. Mpaka leo shehena zetu nyingi zinazofika kwa reli huishia Isaka, Tanzania, zikamaliziwa kwa malori. Basi nilipoona treni ikisimama Tring, mahali pasipo na mji bali nyumba chache na miti, nilidhani tumekosea kushuka. Kumbe mji wa Tring uko zaidi ya kilomita 2 kutoka kwenye stesheni yake. Kwa abiria wa kila siku hilo ni usumbufu. Kwa mtembeaji ni zawadi, maana akitoka mlangoni tu amekwisha kufika shambani.

Ukiteremka barabarani kutoka stesheni, dakika chache tu unafika darajani, na chini ya daraja kuna maji ya kijani yasiyokwenda popote. Huo ndio mfereji wa Grand Junction, ambao tangu mwaka 1929 unaitwa Grand Union. Bunge la Uingereza liliidhinisha uchimbaji wake mwaka 1793, mhandisi mkuu akiwa William Jessop, na njia yote kutoka Braunston katikati ya nchi mpaka Brentford kwenye mto Thames ilikamilika mwaka 1805. Kazi yake ilikuwa kuipelekea London makaa ya mawe, chuma, nafaka na bidhaa za viwandani.

Hapa Tring mfereji uko katika kilele chake. Ulipaswa kuvuka vilima vya Chiltern, na maji hayapandi mlima. Kwa hiyo mashua zilipandishwa ngazi kwa ngazi: zinaingia katika chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, milango inafungwa, maji yanajazwa, mashua inanyanyuka, mlango wa mbele unafunguliwa. Kila mashua inayopita huteremsha takriban lita 250,000 za maji kutoka kileleni. Kwa hiyo Jessop na wenzake walilazimika kutafuta maji ya kulisha kilele hicho, wakachimba tawi la kutoka Wendover na baadaye mabwawa makubwa karibu na Tring, ambayo leo ni makazi ya ndege. Huwa nafikiri juu ya hilo kila nikisoma kwamba mifereji ilikuwa usafiri wa bei rahisi. Rahisi ilikuwa kwa mwenye shehena. Mtu fulani alichimba yale mabwawa kwa jembe.

Njia tunayotembea iko kandoni kabisa mwa maji, pana kiasi cha farasi mmoja. Hiyo ndiyo maana yake. Haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa matembezi, bali kwa farasi wa kukokota mashua kwa kamba. Kwenye madaraja mengine ya zamani unaweza kutia kidole katika michirizi iliyochimbwa na kamba hizo kwenye mawe na vyuma, miaka nenda miaka rudi. Shangazi hupenda kunionyesha michirizi hiyo kama mtu anayeonyesha kovu la mwanawe. Njia hiyo ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni haikutaka wapita njia. Mtembeaji aliweza kuwashtua farasi, kuiba makaa, kuwinda sungura kwenye tuta. Na jambo lililonishangaza nilipolisoma ni hili: hata leo, sehemu kubwa ya njia za kandoni mwa mifereji ya Uingereza si njia za umma kisheria. Watu hupita kwa maelfu, lakini wanapita kwa ruhusa ya mwenyewe. Ruhusa na haki ni vitu viwili, ingawa mguu hauhisi tofauti.

Kutoka darajani tunaelekea kusini-mashariki. Mwanzoni mfereji umezama katika mkato mrefu uliochimbwa kilimani, na miti ya pande zote mbili imekutana juu. Ni giza, kuna unyevu, matope hayakauki hata mwezi wa Julai. Kisha unatokea Cowroast, kwenye milango ya kwanza ya kuteremkia, ambapo kilele kinakwisha. Inasemekana jina hilo linatokana na mahali ambapo wachunga ng'ombe waliokuwa wakiswaga mifugo kwenda London waliipumzisha. Baada ya hapo ni Dudswell, kisha Northchurch, mfereji ukishuka ngazi kwa ngazi.

Bonde lenyewe ni jembamba, na mtu aliyezaliwa katika nchi ya vilima elfu ataelewa upesi kwa nini kila kitu kimebanana humo. Kuna kijito kiitwacho Bulbourne. Kuna barabara inayofuata njia ya kale ya Warumi. Kuna mfereji. Kuna reli. Vyote vinne vinapita ubavu kwa ubavu, kwa sababu kila mhandisi aliyekuja, wa Kirumi au wa Malkia Viktoria, alitafuta pengo lilelile la vilima. Ukisimama juu ya daraja la Northchurch unaweza kumwona bata mtoni, mashua mferejini na treni ikipita nyuma yao kwa kishindo, ndani ya dakika moja.

Reli ilikuja miaka thelathini na kitu baada ya mfereji. Kampuni ya London and Birmingham ilipata sheria yake mwaka 1833, mhandisi akiwa Robert Stephenson. Treni za kwanza kutoka Euston zilifika Boxmoor Julai 1837, zikafika Tring Oktoba mwaka huohuo, na Septemba 1838 njia nzima mpaka Birmingham ikafunguliwa. Pale Tring, Stephenson alikuwa na tatizo lilelile la Jessop, lakini treni haiwezi kupanda ngazi za maji. Basi walikata kilima. Mkato wa Tring una urefu wa kama kilomita 4, na ulichimbwa kwa mikono. Mchoraji John Cooke Bourne aliwachora watu hao wakiwa kazini: mkokoteni wa mkono umejaa udongo, umefungwa kamba, farasi juu anavuta, na kibarua anaushika mkokoteni huku akipanda nao ukutani juu ya mbao zenye utelezi. Farasi akisita, mtu anaanguka na udongo wake unamfuata.

Vibarua hao waliitwa kwa Kiingereza navvy. Sisi wanafunzi wa lugha tutapenda kujua kwamba neno hilo ni ufupisho wa navigator, yaani baharia, mwongoza chombo. Lilianza kutumiwa kwa wachimba mifereji, kwa kuwa mfereji uliitwa njia ya kusafiria majini. Kazi ya mifereji ilipopungua, jina likahamia kwa wachimba reli, watu ambao pengine hawakuwahi kupanda mashua maishani mwao. Mfereji pia ulimbebea mpinzani wake vifaa vya ujenzi, ukapata nauli yake, halafu ukanyang'anywa biashara. Nadhani hakuna mfano mzuri zaidi wa mtu kumchimbia kaburi yeye mwenyewe kwa malipo. Lakini naomba wasomaji wawakumbuke hao vibarua, kwa sababu watarudi.

Baada ya hapo mfereji ulikufa polepole sana. Uliendelea kubeba shehena kwa zaidi ya miaka mia, familia nzima zikiishi ndani ya mashua zenye upana wa mita 2. Ulitaifishwa mwaka 1948. Baridi kali ya 1962 na 1963 iligandisha maji kwa wiki nyingi na kuwakimbiza wateja waliobaki. Safari ya mwisho ya kawaida ya makaa ya mawe kupitia hapa, kwenda kiwanda cha jemu huko Southall, ilifanyika mwaka 1970. Mambo yangeweza kuishia hapo, mfereji ukafukiwa kama ilivyofukiwa mingi. Uliokolewa na watu walioupenda kwa sababu zisizo za biashara, hasa chama cha njia za maji kilichoanzishwa mwaka 1946 na Robert Aickman na Tom Rolt, na baadaye na sheria ya usafirishaji ya 1968, iliyoandaliwa na Barbara Castle, ambayo kwa mara ya kwanza ilikubali kwamba mfereji unaweza kutunzwa kwa ajili ya mapumziko ya watu.

Siku ya matembezi yangu ya pili, shangazi aliamua tusiende moja kwa moja. Tulipofika Northchurch tuliacha mfereji, tukavuka reli, tukapanda kilima kuelekea ardhi ya pamoja ya Berkhamsted, nia yetu ikiwa kuteremkia stesheni kwa upande wa juu. Njia ilipita ukingoni mwa shamba. Tulikuwa katikati yake alipotokea bwana mmoja na mbwa wawili, akatusimamisha. Hakuwa mkali. Alituuliza kama tumepotea. Shangazi akasema la. Akauliza tena tunakwenda wapi, kisha akatuambia kwamba huku kwa kawaida ni mali ya watu.

Mimi nilikwisha kugeuka. Nakiri hilo. Miguu yangu ilianza kurudi kabla kichwa hakijaamua, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Shangazi hakusogea. Alitoa ramani mkobani, ile ya Ordnance Survey ambayo njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, akaikunjua taratibu, akaweka kidole. "Tupo hapa," alimwambia. "Na hii ni njia ya umma." Bwana yule akatazama, akasema naam, bila shaka, akatutakia siku njema. Mbwa walitufuata hatua chache, wakarudi.

Tulipofika juu nilimuuliza shangazi kama hakuogopa. Alicheka. "Mwanangu," alisema, "mwaka wa kwanza nilikuwa nageuka kama wewe. Nikimwona mtu kwa mbali nafikiri atauliza nafanya nini hapa, nami sina jibu. Siku nilipojua kwamba kuna karatasi inayosema ninaweza kupita, nililala usingizi." Sikumjibu kitu. Lakini jioni ile nilianza kutafuta karatasi hiyo ilitoka wapi, na ndipo nilipokutana na habari ya uzio.

Ardhi ya pamoja ya Berkhamsted ni uwanda mpana wa majani na vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, juu ya mji. Kwa karne nyingi wakazi walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao hapo, kukata vichaka kwa kuni na majani ya kuwalalishia wanyama. Ardhi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na bwana wake. Nyumbani tunaelewa kidogo mpangilio wa namna hii: igikingi, eneo la malisho ambalo mtu alikabidhiwa na mtawala, na wanaolisha humo wakajikuta chini ya mkono wake. Tofauti ni nyingi, lakini swali la msingi ni lilelile. Nani anaweza kuwaambia ng'ombe wako waondoke?

Katika miaka ya 1860 bwana huyo alikuwa Earl Brownlow wa Ashridge, kijana ambaye mali yake ilisimamiwa zaidi na mama yake, Lady Marian Alford. Mapema mwaka 1866 walizungushia uzio wa chuma ekari zaidi ya 400 katikati ya ardhi ile, ikabaki vipande viwili, kimoja huku na kingine kule. Mji uliahidiwa uwanja mdogo wa michezo kama kifuta jasho. Watu wengi walinung'unika. Wachache walikuwa na fedha za kwenda mahakamani dhidi ya Earl.

Aliyekuwa nazo ni Augustus Smith, mbunge wa zamani aliyekuwa na nyumba karibu na Berkhamsted. Mwaka mmoja kabla, 1865, George Shaw-Lefevre na wenzake walikuwa wameanzisha chama cha kutetea ardhi za pamoja, kwa kuwa ardhi hizo zilikuwa zikimezwa moja baada ya nyingine pembezoni mwa London. Chama kilimpa Smith ushauri wa ajabu. Uzio uliowekwa bila haki unaweza kuondolewa na mwenye haki, mradi auondoe bila kuuharibu. Basi usiende mahakamani kushtaki. Uondoe uzio, halafu mwache Earl ndiye ashtaki.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Machi 1866, treni ya kukodi iliondoka Euston baada ya saa sita za usiku. Ndani yake walikuwamo vibarua zaidi ya mia moja kutoka London, watu wa kazi ileile iliyochimba mfereji na kukata kilima cha Tring. Shaw-Lefevre, aliyesimulia habari hiyo baadaye, anasema mambo yalikaribia kuharibika mapema: makandarasi waliopewa kazi walikutwa baa karibu na Euston wamelewa, hawajiwezi, ikabidi karani wa mwanasheria aliyetumwa kutazama tu achukue uongozi wa msafara. Napenda sana kipande hiki, labda kwa sababu vitabu vya historia tulivyosoma shuleni havikuwa na makarani ndani yake. Treni ilifika Tring kama saa saba na nusu usiku. Walishuka kwenye stesheni ileile ninayoshukia na shangazi, ile iliyo mbali na mji, ambapo pengine hapakuwa na wengi wa kuwaona. Wakapanga mistari, wakatembea gizani zaidi ya kilomita 4 mpaka kileleni.

Walifanya kazi kwa nyundo, patasi na mitaimbo. Nguzo zilikuwa zimeshikizwa kwa risasi ndani ya mawe, wakazing'oa, wakazipanga mafungu mafungu bila kuzivunja, kama walivyoelekezwa. Kulipopambazuka hapakuwa na uzio. Meneja wa Earl aliwahi kufika juu ya farasi, lakini alikuta kazi imekwisha. Kisha wenyeji wakaanza kupanda kilima, wengine kwa magari ya farasi na wengine kwa miguu, wenye maduka, wakulima na vibarua, wakitembea huku na huko juu ya ardhi ambayo jana yake ilikuwa imefungwa. Wengine walikata kijiti cha maua ya njano wakaenda nacho nyumbani, ili kuhakikisha kwamba kweli ni chao.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyefungiwa bao na timu yake. Lakini mwanafunzi wa historia hawezi kuishia hapo, maana Augustus Smith alikuwa mtu wa pande mbili. Huyuhuyu shujaa wa Berkhamsted alikuwa bwana wa visiwa vya Scilly, kusini-magharibi ya Uingereza, akivitawala kama mfalme mdogo. Mwaka 1855 aliwahamisha wakazi wa mwisho wa kisiwa cha Samson, watu maskini sana, kisha akakifanya kisiwa uwanja wa paa wake. Paa wenyewe hawakukaa. Sijui namna ya kuyaunganisha mambo haya mawili, na sipendi kulazimisha. Naona tu kwamba aliyeng'oa uzio mmoja alikuwa amejenga mwingine, na kwamba watu wa Samson hawakuwa na treni ya usiku.

Earl alishtaki, akafa mwaka 1867 kabla ya kesi kwisha. Smith akafungua kesi yake, na mwaka 1870 Lord Romilly akahukumu kwamba uzio ulivunja haki za wakazi. Hapa ninawaomba wenzangu wasome kwa makini, kwa sababu vitabu vingi vya matembezi huiruka hatua hii. Mahakama haikusema kwamba watu wana haki ya kutembea juu ya kilima. Ilisema kwamba wana haki ya kulisha na kukata vichaka. Kwa karne nzima iliyofuata, wapanda treni waliokuja kutoka London na mikate yao mfukoni walipita katika kivuli cha kondoo. Sheria ya ardhi ya 1925 iliruhusu umma kupata hewa na kufanya mazoezi katika ardhi za pamoja za maeneo ya miji. Sheria ya 1949 ndiyo iliyozitaka kaunti zichore ramani rasmi ya njia za miguu za umma, na vistari vya kijani vya shangazi vinatokana nayo. Sheria ya 2000 ilipanua ruhusa kwa ardhi za pamoja zilizobaki. Kati ya hapo watu walifungwa jela kwa kutembea: mwaka 1932 vijana kadhaa, kiongozi wao Benny Rothman, walipelekwa gerezani baada ya maandamano ya kupanda mlima wa Kinder Scout.

Na reli haikuwa mtazamaji tu katika hayo yote. Ilileta vibarua wa 1866 kwa kukodiwa, kama ambavyo ingemletea Earl askari kama angekodi mapema. Ililipenda zaidi lile kundi la watembeaji. Mwaka 1879 Leslie Stephen, baba yake Virginia Woolf, alianzisha klabu ya watu waliotoka London kwa treni siku za Jumapili, wakashuka, wakatembea kutwa nzima na kurudi jioni. Katika miaka ya 1930 makampuni ya reli yaliuza tiketi maalumu za watembeaji, na moja likawapakia watu katika treni ambayo mwisho wa safari ulikuwa siri. Kisha ripoti ya Richard Beeching ya 1963 ilipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo kama Tring, na njia nyingi za mashambani zikabaki bila mahali pa kushukia. Tring na Berkhamsted zilipona kwa sababu ziko kwenye reli kuu. Mimi nasoma hilo kama bahati. Huko ambako stesheni ilifungwa, ramani ina vistari vya kijani vilevile, lakini asiye na gari hawezi kuvifikia.

Kwa hiyo njia hii ndogo imeshonwa kwa vipande vitatu ambavyo havikukusudiwa kushonwa. Kipande cha mfereji kilijengwa kwa ajili ya farasi, na tunapita humo kwa ruhusa. Reli ilijengwa kwa ajili ya faida, na tunapita kwa tiketi. Kilima kiliokolewa kwa ajili ya kondoo na kuni, na ni hapo tu, kwa safari ndefu ya mahakama na bunge, tunapita kwa haki. Nilimweleza shangazi mgawanyo huu nikajiona mwerevu. Aliniuliza ni wapi kati ya hayo matatu nilipogeuka nilipomwona yule bwana. Nikasema kwenye haki.

Mara ya tatu tulitembea mwezi wa Septemba, siku mbili kabla ya safari yangu ya kurudi. Tulipita kilimani tena. Kuna mahandaki ya vita bado, yaliyochimbwa na wanajeshi waliofunzwa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sasa yamejaa majani na ukipita bila kujua utadhani ni mifereji ya maji ya mvua. Tuliteremkia Berkhamsted kwa upande wa kasri. Ni magofu tu, ngome ya udongo na kuta zilizomeguka, ingawa ni Berkhamsted ambapo wakuu wa Kiingereza walijisalimisha kwa William mwaka 1066. Stephenson alipitisha reli kwenye ukingo wake wa nje. Kutoka kwenye jukwaa la stesheni unaona kasri upande mmoja, na upande wa pili, hatua chache tu, mfereji.

Treni ilikuwa inachelewa dakika kumi na moja. Shangazi aliketi kwenye benchi, akakwangua matope ya viatu kwa kijiti, akamimina chai iliyobaki katika kifuniko cha chupa na kunipa mimi kwanza. Kisha akaitoa ramani, akaikunja upya ili upande wa kusini uwe juu, akaonyesha kwa kidole kipande ambacho hatukukipita pamoja, kutoka Berkhamsted kushuka Bourne End mpaka Hemel Hempstead. Alisema atakipita Jumapili ijayo, peke yake, na ataniandikia kama milango yote ya maji inafanya kazi.